Tramu iliyomvusha Mama Mto Rhine

MAMA yangu ana umri wa miaka 72 na magoti yake yamegoma. Kwa muda wa miaka mitatu hakuwa amepanda matatu, na sababu haikuwa nauli. Siku moja kule Majengo, Mombasa, aliinua mguu ili apande, utingo akaupiga ubavu wa gari mara mbili kumwashiria dereva, nalo gari likang'oka mguu mmoja wa Mama ukiwa bado chini. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo ulimwengu wake ulikuwa nyumba, baraza ya nyumba na duka la jirani. Harusi za wapwa zake alikuwa akihadithiwa tu. Kwenda kliniki ilibidi tukodi teksi, au tumsubiri jirani mwenye gari amalize shughuli zake.

Kwa hivyo dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi mjini Strasbourg huko Ufaransa, alipotutumia tikiti za ndege tumtembelee mwezi wa Aprili 2025, Mama hakuuliza habari za baridi wala chakula. Aliuliza, "Magari ya huko yana ngazi ngapi?"

Dada akacheka kwenye simu. "Mama, la kwetu halina hata moja."

Mimi nilidhani ni maneno ya kumtia mzee moyo. Nimesafiri kidogo kwa kazi hii ya kuandika, na gari la abiria lisilo na ngazi nilikuwa sijaliona.

Dada anaishi katika mtaa uitwao Hautepierre, magharibi mwa mji, karibu na hospitali anakofanya kazi. Ni mtaa wa watu wa kipato cha wastani na cha chini, majumba ya ghorofa yaliyojengwa katika miaka ya 1960 na 1970, na ramani yake ni ya ajabu. Sehemu zake zina pembe sita kama vyumba vya sega la nyuki, na nyingi zimepewa majina ya wanawake: Catherine, Jacqueline, Brigitte, Eléonore. Mama alipoambiwa hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema angalau hapa kuna watu wenye adabu.

Asubuhi ya pili tulitoka kwenda mjini. Kituo kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, jukwaa la saruji lililoinuliwa kidogo tu kutoka ardhini, lenye mteremko mwanana kila upande ambao Mama aliupanda na mkongojo wake bila kusimama. Kati ya majukwaa mawili palikuwa na nyasi, na ndani ya nyasi hizo reli zilikuwa zikimetameta. Nilikuwa bado natazama nyasi lilipotokea gari refu la vioo, limenyamaza kama paka, likasimama mbele yetu.

Hiyo ndiyo tramu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, ni gari linalopita juu ya reli kama garimoshi, ila reli zake zimelazwa katika barabara ya mji, zimezama hata mtu na baiskeli wanazivuka bila shida. Hupata umeme kutoka kwa waya unaoning'inia juu yake. Vituo vyake viko karibukaribu, dereva wake hutazama njia kwa macho yake mwenyewe kama dereva wa basi, na husimama kwenye taa za barabarani kama magari mengine, ingawa, kama utakavyoona, taa zenyewe humpendelea.

Milango ilifunguka. Mama hakuingia. Aliinama polepole, sisi tukadhani ameangusha kitu, kumbe alikuwa akipima kwa vidole vyake nafasi iliyokuwa kati ya jukwaa na sakafu ya gari. "Wanda mbili," akasema. "Na kwenda juu, hakuna kitu." Kisha akaingia kama mtu aingiaye chumbani kwake, akaketi kando ya dirisha lililoanzia karibu na magoti yake na kupanda hadi darini.

Nyuma yake aliingia mwanamke akisukuma kigari cha watoto mapacha, kisha kijana kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna aliyesaidiwa na mtu wala aliyeomba radhi kwa kuchelewesha wengine. Milango ikafungwa, tukaondoka. Nilikuwa nimeshika saa yangu. Tulisimama kwa muda mfupi kuliko ule ambao utingo wa kwetu hutumia kubishana na abiria mmoja juu ya chenji.

Handaki

Kabla ya kufika katikati ya mji, laini hiyo, inayoitwa A, huzama chini ya ardhi kupita chini ya stesheni kuu ya garimoshi. Dada alinyamaza tulipoingia humo. Nilimwuliza kuna nini, akaniambia kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Mnamo Januari 11, 2025, miezi mitatu tu kabla ya safari yetu, tramu moja ilirudi nyuma katika handaki hilo ikaigonga nyingine. Hakuna aliyekufa, lakini watu zaidi ya 60 walijeruhiwa, na siku hiyo hospitali za mji hazikupumua.

Nalitaja jambo hili kwa sababu makala za safari zina tabia ya kusifu kila kitu cha ugenini. Tramu ni chuma chenye uzito wa tani nyingi, na chuma hicho kikikosea, hukosea vibaya. Hata hivyo abiria waliojaa ndani siku hiyo walikuwa wakisoma magazeti na kutazama simu zao. Mama, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alisema, "Ajali ni ajali. Mimi iliyoniangusha haikuwa na handaki."

Tulipoibuka juani tulikuwa Homme de Fer, maana yake Mtu wa Chuma, kiwanja kilichopata jina lake kutokana na sanamu ya askari mwenye mavazi ya chuma iliyotundikwa kwenye jengo la duka la dawa. Juu ya kituo pana paa kubwa la kioo la mviringo, kama pete iliyoinuliwa juu ya nguzo. Kati ya laini sita za tramu za mji huo, tano hukutana hapo. Nilihesabu tramu nne zikipishana kwa wakati mmoja, na katikati yake watu wakitembea, watoto wakikimbia, mzee akila mkate. Hapakuwa na honi. Tramu ikitaka kumwambia mtu apishe hugonga kengele ndogo, ting, kama ya baiskeli ya muuza samaki.

Hatua chache kutoka hapo ni kiwanja kikuu, Place Kléber. Leo ni uwanja mtupu wa mawe ambapo watu huketi na kuota jua. Nilipata shida kuamini Dada aliponiambia kuwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari yapatayo 50,000 yalikuwa yakipita hapo kila siku.

Jinsi magari yalivyoondolewa ni kisa cha siasa, na kwangu mimi ndicho kiini cha habari hii yote.

Strasbourg iliwahi kuwa na tramu hapo zamani. Za kwanza zilianza mwaka wa 1878, wakati mji huo ukiwa mikononi mwa Wajerumani, na nyingine zilivutwa na farasi. Baadaye zikatiwa umeme, na reli zikaenea mjini na vijijini hadi zikapita kilomita 200. Kisha yakaja magari ya binafsi. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Ufaransa, tramu ikaonekana ni takataka ya enzi za mababu inayozuia njia, na mwaka wa 1960 ya mwisho ikaondolewa. Kwa miaka 30 mji ukawa wa magari na mabasi, na mabasi, kama ujuavyo, hukwama mle mle magari yanamokwama.

Mwaka wa 1989 ulikuwa wa uchaguzi. Kila mtu alikubali kwamba mji umeziba, ila dawa ndiyo iliyogombewa. Waliokuwa madarakani walitaka garimoshi la chini ya ardhi lisilo na dereva, la aina iliyokuwa ikifanya kazi katika mji wa Lille tangu 1983. Wenye maduka wengi walilipenda wazo hilo, na si vigumu kuelewa sababu: abiria wangepelekwa chini ya ardhi, na barabara ya juu ingebaki ya magari kama ilivyokuwa. Upande wa pili ulikuwa na mwanamke aitwaye Catherine Trautmann, aliyesema mji utumie tramu. Kuchimba mahandaki kungekula fedha nyingi kwa kilomita chache, alihali tramu ingeweza kwenda mbali zaidi, hadi mitaa ya pembeni walikokaa watu wasio na magari. Hautepierre ulikuwa mmojawapo.

Trautmann alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa mji wa Ufaransa wenye watu zaidi ya 100,000. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wanasiasa wengi hulikwepa. Mwaka wa 1992, tramu haijaletwa bado, aliifunga Place Kléber kwa magari. Barabara za katikati ya mji zikapangwa upya kama vitanzi: ukiingia na gari lako upande wa kaskazini unazungushwa na kutolewa upande huo huo wa kaskazini. Huwezi tena kuukata mji katikati. Anayetaka kwenda upande wa pili azunguke nje, au aegeshe gari apande tramu.

Kelele zilikuwa nyingi. Kwa miaka miwili mji ulikuwa mashimo na vumbi, na wenye maduka walilia kwamba wateja hawafiki. Laini A ilifunguliwa Novemba 1994, ikitumia magari yaliyoundwa Uingereza, yenye pua ya kioo na sakafu ya chini kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu waliokuja kuyatazama kama sinema wakaishia kuyapanda, na katika uchaguzi wa 1995 meya yule akarudishwa kitini. Laini nyingine zikafuata, na sasa mitaa isiyokuwa nayo ndiyo inayopiga kelele.

Kwa hiyo, msomaji, usidanganyike na picha za vioo na nyasi. Tramu ya Strasbourg haikuiponya barabara kwa sababu ni gari zuri. Iliponya kwa sababu mtu fulani alithubutu kuwanyang'anya wenye magari nusu ya barabara akawapa wanaotembea kwa miguu. Gari lilikuja kujaza nafasi ambayo ilikuwa imekwisha kupatikana.

Troli za Mombasa

Tulishukia kituo kinachofuata, Langstross, ambapo reli zimelazwa kati ya mawe ya barabara nyembamba na kanisa kuu la mawe ya rangi ya waridi linachungulia juu ya mapaa. Mnara wake una urefu wa mita 142, na hadi mwaka wa 1874 kwa zaidi ya karne mbili hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Mimi nilitazama juu. Mama alikuwa akitazama chini.

"Hizi ndizo reli za babu," akasema.

Babu yake Mama alikuwa mmoja wa wasukuma troli wa Mombasa. Wasomaji wengi wa leo hawajui kwamba mji wetu ulikuwa na reli barabarani kabla hata ya kuwa na magari. Zilikuwa reli nyembamba, mabaki ya reli ndogo ambayo kampuni ya Waingereza iliianza mwaka wa 1890 na kuitelekeza baada ya maili chache. Zikalazwa kisiwani kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini, na juu yake vikawekwa vigari vyenye kiti na kipaa cha kitambaa cha kukinga jua. Havikuwa na farasi wala umeme. Vilisukumwa na watu, wakikimbia nyuma kwa miguu mitupu, na kwenye mteremko wakirukia nyuma nao wapumzike. Wakubwa wa serikali na matajiri walikuwa na troli zao wenyewe, na wasukuma waliovalishwa sare. Magari yalipozidi katika miaka ya 1920, reli zikang'olewa.

Mama alikuwa amesikia kwamba babu yake alirudi nyumbani kila jioni nyayo zikinuka lami, na kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuketi kwenye kiti cha troli aliyoisukuma. Aliniambia hayo tukiwa tumekaa kwenye benchi la kituo, tramu zikipita mbele yetu moja baada ya nyingine, tupu na zilizojaa. Sikupata la kusema. Nilimnunulia mkate wenye chumvi juu, ule uliosokotwa kama fundo, tukala.

Fedha za kuendesha haya yote zinatoka wapi? Nilimsumbua Dada kwa swali hilo mpaka akachoka. Nauli haitoshi hata kidogo. Ufaransa ina kodi maalum ya usafiri: mwajiri mwenye wafanyakazi 11 na zaidi katika mji hulipa sehemu ya kiasi cha mishahara anayotoa, na fedha hizo huenda moja kwa moja kwenye usafiri wa umma. Hoja yao ni kwamba tajiri wa kiwanda ndiye anayefaidika mfanyakazi akifika kazini kwa wakati. Tangu Septemba 2021 watoto na vijana wakazi wa mji na vitongoji vyake walio chini ya miaka 18 husafiri bure, na saa za kutoka shule utawajua kwa makelele yao. Mwenye gari naye hakusahauliwa. Huegesha kwenye maegesho makubwa ya pembeni mwa mji, na tikiti ya maegesho ndiyo tikiti ya tramu ya wote waliomo garini.

Ndani ya tramu hakuna utingo. Unagusa kadi yako kwenye mashine, basi. Kuna wakaguzi ambao huibuka ghafla, na asiye na tikiti hutozwa faini bila kusikilizwa hadithi. Nilimwona kijana mmoja akijaribu kujieleza kwa lugha tatu, na zote hazikumsaidia.

Jioni moja Dada alimkaribisha chakula mwenzake wa kazini, mwanamke kutoka Addis Ababa. Nilipoanza kusifu, alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Na sisi tunayo." Ni kweli. Addis ilizindua reli yake ya mjini Septemba 2015, zaidi ya kilomita 30, magari 41, kwa mkopo na ujenzi wa Wachina. Ilisifiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara, na nauli yake ilikuwa ndogo hata maskini akaimudu. Alisema siku za mwanzo yeye na dada zake walipanda kutoka mwisho hadi mwisho bila safari yoyote, kuona mji wao tu. Lakini nauli ile ndogo haikuweza kununua vipuri, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni. Kufikia mwaka wa 2023 zaidi ya nusu ya magari yale yalikuwa yameegeshwa, mengine yakichunwa vyuma ili wenzake watembee.

Alitutajia pia binamu yake aliyehamia Portland, Marekani, mji uliorudisha tramu mwaka wa 2001. Huko tatizo ni jingine. Sehemu kubwa ya njia tramu hushiriki barabara na magari, kwa hivyo mtu mmoja akiegesha vibaya akaingia dukani kununua kahawa, tramu nzima husimama nyuma yake na abiria wake wote, kwa kuwa haiwezi kumkwepa. Wamepata gari zuri, lakini barabara hawakupata.

Nilikumbuka rangi nyekundu iliyopakwa kwenye Thika Road mwaka wa 2018 kuonyesha njia ya mabasi ya kasi. Magari yaliendelea kuikanyaga kama kwamba haipo. Reli angalau huwezi kuikanyaga mpaka ikafutika.

Mama apotea

Kufikia wiki ya pili Mama alikuwa amegeuka mtu mwingine. Alikuwa akiamka, anavaa leso zake na koti zito la Dada, anachukua mkongojo na kadi, na kutangaza kwamba anakwenda "mjini". Peke yake. Siku ya kwanza nilimfuata kwa mbali kama mpelelezi. Alishuka Langstross, akatembea hadi kwenye kanisa kuu kutazama ile saa maarufu ambayo saa sita na nusu mchana hutoa sanamu za mitume kumi na wawili wakipita mbele ya Yesu huku jogoo wa mbao akiwika. Kisha akakaa kiwanjani akitazama watu, akarudi. Kwa miaka mitatu mama huyu hakuwa amevuka barabara peke yake.

Siku ya Alhamisi hakurudi.

Ilipofika saa tisa nilikwenda kituoni. Tramu ikaja, ikaja nyingine, ikaja ya kumi. Simu yake ilikuwa mezani nyumbani, ikichajiwa. Pasipoti yake pia ilikuwa nyumbani, katika droo. Nilimpigia Dada kazini na sauti yake ilinitisha zaidi, kwa sababu yeye si mtu wa kuogopa. Aliniuliza kama Mama anajua kwamba laini A na laini D hutumia reli moja katikati ya mji. Sikujua. Aliniuliza kama najua laini D inaishia wapi. Sikujua vilevile.

Laini D inaishia Ujerumani. Tangu Aprili 2017 tramu ya Strasbourg huvuka mto Rhine kwa daraja lake yenyewe na kuingia Kehl, mji mdogo wa Kijerumani ambako Wafaransa huenda kununua sigara na sabuni kwa bei nafuu. Kwa miaka mingi mpaka huo haukuwa na askari wa kuuliza kitu. Lakini tangu Septemba 2024 Ujerumani ilirejesha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi huweza kupanda tramu na kuwataka watu hati zao. Mama hakuwa na hati yoyote, wala neno moja la Kijerumani. La Kifaransa alikuwa nalo moja, "merci", na alilitamka kama jina la gari la kifahari.

Niliketi kwenye benchi lile la kituo na kufikiria namna ambavyo ningewaeleza ndugu zetu Majengo.

Saa kumi na moja kasorobo tramu ilisimama, milango ikafunguka, na Mama akashuka. Mkono mmoja ulishika mkongojo, mwingine mfuko wa karatasi wenye tufaha mbili.

"Umenisubiri?" akauliza. "Nilikuwa Ujerumani."

Kosa lilikuwa letu sisi tuliozoea kupita upande wa kushoto. Huko magari na tramu hupita kulia. Pale Langstross alisimama kwenye jukwaa ambalo, kwa akili ya Mombasa, lilikuwa la kurudi nyumbani. Gari lililokuja lilikuwa na umbo lile lile, akapanda. Alipoona mto mkubwa na meli chini yake akajua kwamba huu si mtaa wa kina Catherine. Askari wawili walipanda, wakawataka vijana fulani vitambulisho. Mmoja alimtazama Mama, Mama akamtazama yeye, wakaamkiana kwa vichwa, askari akapita.

"Hukuogopa?" nikamwuliza.

"Niliogopa. Lakini nilitazama dereva. Tulipofika mwisho, watu wote wakashuka, naye akatoka chumbani mwake akatembea mpaka upande wa pili wa gari, akafungua chumba kingine akaingia. Nikaona, ala, hili gari halina kisogo. Limegeuka bila kugeuka. Basi mimi nishuke niende wapi? Nikakaa palepale."

Tufaha alipewa na mwanamke aliyeketi naye wakati wa kurudi. Walizungumza safari nzima, kila mmoja kwa lugha yake. Na mwanamke huyo ndiye aliyemwonyesha kwa vidole mahali pa kushukia na rangi ya gari la kupanda.

Dada alipofika jioni alikuwa amejiandaa kufoka. Alimkuta Mama akikata tufaha la Ujerumani vipande vitatu.

Tulirudi nyumbani mwanzoni mwa Mei. Siku ya tatu nilikuwa nimeketi na Mama barazani, matatu ikasimama mbele ya duka kupakia, utingo akipiga kelele za Likoni. Mama alimwita mjukuu wake wa miaka minane aliyekuwa akicheza mpira, akamtuma mbio akapime kwa mkono kidaraja kiko juu kiasi gani kutoka chini. Mtoto alikimbia, akachuchumaa mlangoni, utingo akamkemea, akarudi akihema.

"Shubiri tatu, Bibi. Na wanda mbili."

Mama alitazama mkono mdogo wa mtoto, kisha akatazama wake. Akaukunjua, akapima hewani kutoka sakafu ya baraza kwenda juu, shubiri moja, ya pili, akasimamisha mkono hapo na kuutazama kwa muda mrefu, matatu ikaondoka.